Msafi wa Mwisho Chumbani

Walimwita Bi Subiri, na si kwa sababu ya upole. Alikuwa mwandishi wa programu za kompyuta, na kila alipoletewa kazi ya mwenzake aikague, neno la kwanza kumtoka lilikuwa "subiri kwanza". Mtu kahangaika na programu yake wiki nzima, macho mekundu kama pilipili, anakuja anahema na furaha, yeye anavuta kiti, anapangusa miwani kwa upindo wa kanga, anasema subiri kwanza. Akishasoma mistari michache ananyoosha kidole kwenye skrini, na pale penye kidole ndipo penye ubovu. Walisema anaweza kunusa kosa likiwa bado kichwani mwa mwenyewe. Walisema siku moja alipishana na mtu barabarani, akamgeukia, akamwambia, "Mstari wako wa tatu hujaufunga," na yule mtu alikuwa amebeba mkungu wa ndizi tu. Akaenda nyumbani, akaifungua kompyuta yake, akakuta kweli. Hili la mkungu, asiyetaka kuamini asiamini.

Siku za kazi alikaa nyuma ya duka la vipuri vya magari, kwenye chumba chenye harufu ya mpira na grisi, akitunza programu ya stoo. Alijua gasketi ipi imebaki na ipi imekwisha bila kuinuka. Nyumbani aliishi na mama yake, bibi mwenye magoti mabovu na ulimi mzima. Mume wa Bi Subiri alikuwepo zamani. Alitoka kwenda kununua betri za redio, na mpaka leo bado anazichagua. Mama mtu alikuwa akisema aliyepata hasara pale ni redio.

Furaha yake ilikuwa Jumamosi mchana, kwenye chama.

Kilikuwa chama cha waandika programu wa mji mzima, mamia kwa mamia, wenye vyeti na waliojifunzia kwenye simu zilizopasuka kioo. Kwa miaka walikuwa wametengeneza programu moja kwa kujitolea, kila mtu mistari yake, wakaiita Ghala. Ghala ilijua zahanati gani ina dawa gani. Kabla yake mgonjwa alizungushwa mji mzima kama mbuzi wa mnada, hapa hakuna, kule imekwisha, jaribu ng'ambo. Baada yake, muuguzi alibonyeza mara moja akamwambia mtu, nenda pale, zipo. Haikuwa ya mtu, na hakuna aliyelipishwa. Kilichokuwepo ni nenosiri kuu, lile linalomruhusu mtu kuibadili Ghala atakavyo, na hilo lilishikwa na kamati. Wanakamati walikuwa Mwenyekiti, Katibu, Mweka Hazina, Fundi Simu, na Bi Subiri.

Kamati ilikuwa na desturi zake mbili, na watu wa vyama vingine walizionea wivu.

Ya kwanza: juu ya meza kulikuwa na kinasa sauti, na kila neno lililosemwa ndani ya kile chumba liliandikwa lenyewe kwenye skrini ya ukutani, hapo hapo likaingia kwenye simu za wanachama wote. Hapakuwa na siri. Siku Fundi Simu tumbo lilipomsaliti katikati ya hoja nzito, skrini iliandika "sauti isiyotambulika", na wanachama mji mzima wakaisoma. Mpaka leo akipita sokoni kuna wanaomsalimia hivyo.

Ya pili ilikuwa ya viti. Jambo likiletwa, na wewe mwanakamati linakugusa, labda anayeliomba ni ndugu yako, au umeajiriwa naye, au unakula kwake, au unalala kwake, unasimama, unasema, "Nina langu hapa." Unabeba kiti chako mwenyewe, unakwenda kukaa korido. Wanaobaki ndio wanaamua, hata akibaki mmoja. Hakuna anayekudai ushahidi, maana siku walipotunga kanuni walitazamana wakaulizana, nani atajipaka matope kwa uongo? Na kama hakubaki mtu hata mmoja, jambo linapelekwa kwa wanachama wote, wapige kura, na watakaloamua halirudi tena mezani. Hilo halikuwahi kutokea. Waliliandika kwa sababu waandika programu ndivyo walivyo, hata lisilotokea linatengewa mstari wake.

Basi ikaja Kampuni.

Ilikaa ng'ambo ya barabara, kwenye jengo la vioo lenye lifti kali mno. Walisema ukipanda, wewe unafika juu kwanza, roho yako inakuja na lifti ya pili. Haikuja na kishindo. Ilikuja na salamu. Fundi Simu akapewa kazi ya kutengeneza simu za wafanyakazi wao wote. Jumamosi iliyofuata Kampuni iliomba jambo dogo tu, kubandika jina lake kwenye mlango wa chama. Fundi akasimama, akasema nina langu hapa, akabeba kiti chake. Wenzake wakampigia makofi. Uungwana ulioje.

Baadaye mke wa Katibu akaajiriwa mle kwenye vioo. Katibu naye akaanza kubeba kiti. Mweka Hazina akapewa kufundisha watoto wa mabosi. Mwisho Mwenyekiti mwenyewe, mtu mwenye sauti laini kama anakuuzia godoro, akaitwa mshauri. Mshauri wa nini hakusema, na kwa kanuni haikulazimu aseme. Yalizidi kuja maombi madogo madogo ya Kampuni, na kila yalipokuja viti viliinuka kimoja kimoja, vikasota mpaka nje, na Bi Subiri akabaki peke yake na meza, akiamua kuhusu rangi ya pazia.

Kwanza aliona fahari. Halafu akaanza kusikiliza.

Korido kulikuwa na kicheko. Chupa ya chai ilikuwa imehamia huko, vikombe vimehamia huko. Wanne wale walikuwa wakiongea chini chini, na kinasa sauti hakifiki korido. Hata mambo yasiyo ya Kampuni yaliyoletwa mezani wiki ya pili, alianza kugundua, yalikuwa yameshaiva. Wote wanne walikubaliana hata kabla hajamaliza kuuliza. Chama kilikuwa na chumba ambamo kila kitu kinasikika na hakuna linalosemwa, na nje ya mlango kilikuwa na kingine.

Lakini lililomchoma hasa, na mtu asimcheke, ni kwamba hakuitwa. Fundi Simu kaitwa, yeye hakuitwa.

"Kwani mimi nina upele?" alimwuliza mama yake.

"Huna. Wanaogopa utawaambia wasubiri," mama akajibu, anachambua mchele. "Nenda kaombe mwenyewe. Mdomo si unao?"

Akaenda. Alipanda ngazi, lifti hakuiamini. Kwenye meza ya mapokezi kulikuwa na binti mwenye kucha ndefu na tabasamu lisilofika machoni. Kabla Bi Subiri hajajitambulisha, binti alikuwa ameshamtaja kwa jina.

"Nimekuja kuulizia kazi."

"Hapana, Bi Subiri," binti alisema kwa upole, kama anayemzuia mtoto asiguse pasi ya moto. "Wewe hapana. Wewe baki hivyo hivyo."

Alishuka ngazi mwili unamsisimka, na hakujua kwa nini. Hakuna aliyemtukana.

Mwezi ule ule, mwenye nyumba wao akauza nyumba. Alikuwa mzee bahili aliyekuwa akikagua taa kwa nje aone kama zinawaka bure. Mwenye nyumba mpya hakuonekana. Alikuja wakala wake, mtu wa makamo, viatu vinang'aa, maneno yamepigwa pasi. Hakupandisha kodi. Alizunguka, akatazama, akauliza bibi anapata shida gani. Bibi si mtu wa kuulizwa swali hilo mara mbili. Haikupita wiki, paa likazibwa. Mafundi wakaja tena, wakajenga choo chini, pembeni ya chumba cha bibi, kikawekewa na chuma ukutani cha kushikilia, ili asipande tena zile ngazi za nyuma zilizokuwa zikimtoa machozi.

"Nitamwombea kila siku," bibi alisema, ameshika kile chuma, anainuka na kukaa, anainuka na kukaa, kama mtoto aliyepewa bembea. "Muulize jina lake, nimwombee kwa jina."

"Mwenyewe hapendi kutajwa, bibi," wakala alisema.

Bi Subiri aliguna. Alikuwa na kazi ya kuona vibaya palipo pazuri. Lakini mama yake alikuwa anacheka, na mtu humwambia nani mama yake aache kucheka?

Ndipo ikaja ajenda yenyewe. Jumamosi inayofuata kamati ingejadili ombi la Kampuni la kukabidhiwa nenosiri kuu la Ghala, ili, walivyosema, "ilindwe kitaalamu".

Bi Subiri alijua ulinzi huo. Mwenye nenosiri ndiye mwenye mlango. Kesho angeamua zahanati ipi ionekane na ipi isionekane, dawa ya nani itajwe kwanza, na muuguzi wa pembezoni abonyeze akutane na ukuta mtupu. Alikata shauri kukataa. Alimtafuta Katibu, akamkuta anafunga ofisi, akamwambia waziwazi.

"Kataa tu, dada," Katibu alisema bila kumtazama. "Lakini unaijua kanuni. Likikataliwa na kamati linaweza kurudi kikao kijacho. Na kijacho. Likikubaliwa ndiyo limekwisha, hakuna kurudi nyuma."

"Kwa hiyo mimi nitakataa mpaka lini?"

Katibu akafunga kufuli, akalivuta kuona kama limeshika. "Watu huchoka," alisema. "Huugua. Huhama."

Akaondoka. Bi Subiri alirudi nyumbani na lile neno la mwisho kichwani.

Jumamosi alifika mapema. Mwenyekiti alikuwa korido peke yake, anamimina chai. Akammiminia na yeye, akamkabidhi kikombe kwa mikono miwili.

"Mama anaendeleaje?"

"Anaendelea."

"Magoti?"

"Ndiyo hayo hayo, kaka."

"Kile chuma cha chooni hakilegei? Niliwaambia wale mafundi watumie skrubu ndefu. Ukuta ule ni wa zamani."

Bi Subiri hakuwa amemwambia mtu habari za choo. Kazini hakusema, kwenye chama hakusema. Alimtazama Mwenyekiti usoni, akitarajia kuona mtu aliyeropoka. Hakuwa ameropoka. Alikuwa anakoroga sukari taratibu, anamsubiri aelewe.

"Nyumba nzuri ile," Mwenyekiti aliendelea, na ile sauti ya godoro. "Itakuwa taabu bibi kuanza kuhangaika na ngazi za watu, umri ule. Lakini hayatafika huko. Wewe ni mtu mwelewa. Na ndiye msafi wetu wa mwisho, dada. Tumekutunza sana."

Hapo ndipo yalipomwingia yote kwa mpigo, binti wa mapokezi na lile baki hivyo hivyo. Hawakumwacha kwa kumdharau. Walimweka kando, wakamfunika, wasimguse hata kwa kidole, kwa sababu siku moja wangehitaji mtu mmoja asiye na doa wa kusema ndiyo, na ndiyo yake ingesomwa na mji mzima kwenye simu, ikiwa nyeupe pe.

Kikao kikaanza. Mwenyekiti akasoma ajenda, skrini ikaandika. Akasimama wa kwanza. "Nina langu hapa." Skrini ikaandika. Katibu, nina langu hapa. Mweka Hazina. Fundi Simu alisema lake akiwa anatazama viatu vyake, na alipobeba kiti mguu wa kiti ulikwaruza sakafu, na skrini ikaandika "sauti isiyotambulika". Hakuna aliyecheka.

Mlango ukabaki wazi, kama kanuni ilivyotaka. Wanne walipanga viti vyao korido vikamwelekea, wakakaa, mikono magotini, kama watu waliokuja kutazama maiti ikiamka. Ndani alikuwa yeye na feni.

"Bi Subiri," Mwenyekiti aliita kutoka nje, "tunakusikiliza."

"Subiri kwanza," akasema. Skrini ikaandika, subiri kwanza.

Alifumba macho. Alilitazama jambo lake kama alivyozoea kutazama kazi za watu, mstari kwa mstari, akitafuta pale panapovuja. Akisema ndiyo, mama yake anabaki na choo chake na chuma chake, na Ghala imekwenda. Akisema hapana, nyumba itachukuliwa, jambo litarudi kikao kijacho, naye atakuwa mtu aliyechoka anayelala kwa watu. Nyumba ilikuwa imeshakwenda kwa njia zote isipokuwa moja. Hiyo moja ndiyo waliyoiacha wazi, wakaipaka rangi.

Akarudi juu tena, kwenye kanuni yenyewe. Au umeajiriwa naye. Au unakula kwake. Au unalala kwake.

Akafumbua macho. Ili kumtisha ilibidi ajue nyumba ni ya nani. Na akishajua, si msafi tena. Watu wenye akili zote zile, mabingwa wa kupanga, walikuwa wamemkaba koo kwa mkono, na ule mkono ukaacha alama.

Moyo ulimdunda hata akadhani skrini itauandika. Alimwona mama yake anashika chuma, anainuka, anakaa. Alikaa na picha hiyo kidogo. Kisha akasimama.

"Nina langu hapa."

Korido, Mwenyekiti aliinuka kitini.

"Lako lipi?" Katibu aliuliza, sauti imepanda.

"Nyumba ninayolala na mama yangu imenunuliwa na Kampuni. Nimeambiwa leo." Maneno yakatokea ukutani moja baada ya jingine, meusi, makubwa.

Mwenyekiti alikuwa ameshafika kwenye kizingiti. Hakuvuka. Alijua kinasa sauti kinafika wapi. Alimnong'oneza, midomo ikicheza kuliko sauti. "Lifute."

"Halifutiki. Programu hiyo uliiandika wewe."

"Una ushahidi gani?" Safari hii ilimtoka kwa nguvu, na skrini ikaidaka. Sauti ya mlangoni: una ushahidi gani.

"Kanuni hainiulizi. Ila ukitaka, kaka, ingia ndani uwaambie wanachama nyumba ile ni ya nani."

Mwenyekiti alitazama kizingiti. Akatazama skrini. Akarudisha mguu nyuma.

Bi Subiri akabeba kiti chake. Hakikuwa kizito, lakini alikibeba kama amebeba kabati. Korido hapakuwa na nafasi, ikabidi wasogezane, Fundi Simu akampisha ukutani. Wakakaa watano magoti yanagusana, wanatazama chumba kitupu, na feni inazunguka juu ya meza isiyo na mtu. Skrini ikangoja. Halafu simu zikaanza kutetemeka mifukoni mwao, moja, nyingine, zote, zisikome, kama nyuki kwenye debe. Wanachama walikuwa wanasoma. Hakuna aliyeitoa yake.

"Litakwenda kwa wote," Fundi Simu alisema mwishowe, chini chini. "Kweli litakwenda kwa wote."

"Ni wengi," Mwenyekiti akasema. Sauti yake ilikuwa imerudi laini kabisa, na hilo ndilo lililomwogopesha Bi Subiri kuliko yote. "Lakini kila mmoja ana kwake. Kila mmoja ana mama."

Alikwenda nyumbani kwa miguu. Hakukimbia, japo miguu ilitaka. Alipofika mlango ulikuwa wazi na wakala alikuwa sebuleni, amekaa kwenye ukingo wa kochi, glasi ya maji mkononi, viatu vyake vinang'aa juu ya mkeka. Mama yake alikuwa amekaa mbele yake, kanga imefungwa kiunoni, vile anavyoifunga akitaka kugombana.

"Mwanao huyo," wakala alisema kwa heshima. "Nilikuwa namweleza bibi. Mwenye nyumba ana shida na nyumba yake. Hana haraka. Hata kesho jioni si neno."

"Nimemwambia amlete huyo mwenye nyumba," mama akasema. "Nina dua zangu nyingi kwake, nataka anirudishie."

Bi Subiri alichuchumaa mbele ya mama yake, akamshika magoti, yanawaka kama kawaida. Alimweleza kwa maneno machache, Ghala, nenosiri, chama, skrini. Bibi hakuwahi kugusa kompyuta maishani. Alisikiliza mpaka mwisho akimtazama wakala badala ya binti yake.

"Ungesema ndiyo, tungebaki?"

"Tungebaki, mama."

"Na wale wagonjwa wangezungushwa tena."

"Wangezungushwa."

Mkono wa bibi ulitafuta ukuta wa kushikilia, haukuupata, ukapata bega la binti yake. Akainuka kwa taabu.

"Haya, toa masufuria kwanza," alisema. "Godoro mwisho, lisishike vumbi. Na wewe baba, inua miguu, huo mkeka ni wetu."

Wakala aliinua miguu. Akaukunja mkeka mwenyewe, vizuri, ncha kwa ncha, akamkabidhi Bi Subiri kwa mikono miwili. Alijitolea hata kubeba kabati, akasema hawezi kuwatazama wanawake wakihangaika. Wakatoa vitu kimoja kimoja mpaka barazani, jua likiwa bado kali, majirani wanachungulia na kurudi ndani. Walipokuwa wanafunga kitanda kwa kamba, akasimama nyuma yao, akipangusa mikono kwa leso, na kwa sauti nzuri kabisa akauliza wanahamia wapi, na mwenye nyumba ya huko ni nani.

Bi Subiri aliendelea kukaza kamba. Wakala akauliza tena.